Kijana wa Kinango, karatasi zako zasema nini?

Bahasha ya kaki ya mtafuta kazi kutoka Kinango husafiri sana. Hupitia Kwale mjini, ikateremka hadi Ukunda, na mwisho ikalala juu ya meza ya afisa wa wafanyakazi katika hoteli mojawapo ya Diani. Mara nyingi maelezo yaliyomo yaliandikwa miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo yamekuwa yakitolewa nakala tu.

Chukua mfano wa machimbo ya Base Titanium kule Nguluku na Maumba. Kampuni hiyo ilianza kusafirisha madini ng'ambo mwaka 2014 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Dereva wa mitambo aliyefanya kazi huko, na ambaye karatasi yake ingali ikisema "hadi sasa", anajiharibia bure. Ni mwajiri gani wa Kwale asiyejua kwamba mgodi ulifungwa? Akiliona kosa hilo (ambalo pengine si uongo bali uvivu tu) ataanza kushuku hata leseni na vyeti vya kweli. Heri aandike mwaka alioingia, mwaka aliotoka na mtambo hasa aliouendesha. Kufungwa kwa mgodi si aibu yake.

Waajiri nao wana sababu ya kushuku. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi vilipatikana miongoni mwa watumishi wa serikali.

Kuna pia suala la majina. Mtoto huandikishwa shuleni kwa jina la babu, kisha akienda kuchukua kitambulisho huandika la baba. Huyo hakughushi kitu, lakini afisa aliyeketi Diani atajuaje? Aape mbele ya wakili, na hati ya kiapo iambatanishwe na vyeti kabla hajaulizwa.

Na nambari ya simu je? Wageni wanapoanza kumiminika, hoteli humtaka mtu kesho yake, na asipopatikana huitwa mwingine. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hufungwa, nambari ikapewa mtu mwingine. Hata mwalimu mkuu uliyemtaja kuwa aulizwe habari zako huenda alihamishwa zamani. Mpigie kwanza, umwombe ruhusa upya.

Kama karatasi za zamani zilikwisha kufika kwa mwajiri, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutaka habari zako zenye makosa zirekebishwe. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, yenye nambari mpya na tarehe ya siku hiyo.