Taka za Jikoni Zafika Ziwani

Mji ukikua, majiko huongezeka, na kila jiko lina mabaki yake. Sisi wa pwani twayaona mabaki hayo yakielea baharini. Ndugu zetu wa Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya, huyaona katika Ziwa Viktoria, na yaliyowafika yatupasa sote kuyazingatia.

Mji wa Homa Bay umejengwa ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Mji wa Migori uko mbali kidogo na ziwa, ila Mto Migori huungana na Mto Kuja, na maji yao huishia humo humo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika kila kaunti kati ya hizo mbili. Maji ya kufulia, maji ya vyoo na mabaki ya chakula yasipotunzwa vyema, mvua huyasomba hadi ziwani pamoja na mbolea ya mashambani.

Huko huwa rutuba ya gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, uliolisumbua ziwa hilo tangu miaka ya 1990. Gugu hilo hutanda juu ya maji na kuzuia mashua zisitoke. Likifa na kuoza, hula hewa ambayo samaki huitegemea. Hivyo, kilichomwagwa uani bila kufikiri humrudia mama yule yule sokoni, samaki wakiwa haba na bei ikiwa juu.

Sheria zipo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu nyumbani. Lakini hakuna askari awezaye kusimama katika kila jiko. Kazi hiyo ni yetu.

Basi tupike kwa kadiri ya walaji. Maganda tuwape mbuzi na kuku, au tuyafukie yawe mbolea. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa tusiyamwage mferejini, na sabuni tuitumie kwa kipimo. Sokoni twende na vikapu vyetu, na watoto wetu, wa kike na wa kiume, tuwazoeshe hayo mapema. Dini yetu yatukataza israfu hata katika maji ya kutawadhia. Sembuse katika chakula, mafuta na sabuni?