Kayongo, Funza na Mvua za Siku Hizi: Kikundi Chenu Kinaweza Kufanya Utafiti



Neno "utafiti" huwatisha wengi wetu. Likitajwa kwenye baraza tunafikiria watu wa makoti meupe, vichupa vya dawa na Kizungu kingi. Halafu tunarudi shambani na jembe letu, na kayongo iko palepale tulipoiacha.

Safari hii tunataka kueleza utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa magharibi mwa Kenya. Unaitwa sukuma-vuta. Tunaueleza kwa sababu mbili. Kwanza, unasaidia mahindi na mtama. Pili, unatuonyesha kwamba mkulima hangoji tu kuletewa majibu. Anaweza kujaribu, kuhesabu na kuamua mwenyewe.

MAADUI WAWILI, NA HALI YA HEWA JUU YAO

Adui wa kwanza ni kayongo, ambayo wataalamu huiita striga. Tunaijua kwa maua yake ya zambarau yanayopendeza macho na kuhuzunisha moyo. Kayongo hainyang'anyi mahindi chakula kama magugu mengine. Inajishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini ya udongo na kunyonya maji na chakula humo ndani. Tunapoiona juu ya ardhi, imeshafanya kazi yake. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja.

Tunaujua ule mfano wa magugu kati ya ngano, ambapo watumishi waliambiwa wangoje mpaka mavuno. Kwa kayongo, ndugu zetu, ukingoja mavuno hutavuna.

Adui wa pili ni funza wa mabua. Nondo hutaga mayai kwenye majani usiku, funza wakitoka huingia ndani ya bua na kulila kutoka ndani. Tangu mwaka 2017 tumeongezewa viwavijeshi wageni waliotoka bara la Amerika.

Juu ya hao wote kuna mvua. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo huko kaskazini na mashariki mwa nchi. Mwaka 2024 mvua ndefu zikaja na mafuriko. Huku kwetu pia wazee wanasema hawajui tena tarehe ya kupanda. Udongo uliochoka na kukauka ndio kayongo inaupenda. Kwa hiyo shida hizi hazikuja mbalimbali, zinasaidiana. Na sisi lazima tutafute njia inayozishika zote pamoja.

YALIYOONEKANA MBITA

Mbita iko kando ya Ziwa Victoria, katika Homa Bay. Hapo pana kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya mwenzetu, marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa icipe wakiongozwa na Dkt. Zeyaur Khan walishirikiana na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza na wa KARI, ambayo siku hizi ni KALRO. Walitaka kujua kama mimea inaweza kumwongoza nondo bila sumu.

Waliona kwamba nondo hufuata harufu. Harufu ya nepia humvuta kuliko ya mahindi. Akitaga mayai kwenye nepia, funza wakijaribu kutoboa bua hukutana na utomvu unaonata, na wengi hufa. Kuna na mmea mwingine wa jamii ya maharagwe unaotambaa, unaoitwa desmodiamu. Harufu yake humfukuza nondo, tena huwaita nyigu wadogo wanaoshambulia funza. Basi desmodiamu katikati ya mahindi inasukuma, na nepia kuzunguka shamba inavuta. Jina likatoka hapo.

Kisha shamba likawaonyesha jambo ambalo hawakuwa wakilitafuta. Mahali penye desmodiamu, kayongo ilipungua sana. Walipochunguza waligundua kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa vitu vya aina mbili. Kimoja huamsha mbegu ya kayongo iote. Kingine huzuia kayongo hiyo changa isishike mzizi wa mahindi. Ikikosa pa kunyonya, inakufa. Kwa hiyo kila msimu akiba ya mbegu udongoni inapungua, badala ya kuongezeka.

Desmodiamu hufanya na kazi nyingine. Inaongeza naitrojeni udongoni kama jamii nyingine za maharagwe. Inafunika ardhi ili jua lisikaushe na mvua kubwa isibebe udongo. Na ng'ombe na mbuzi wanaipenda.

Kazi haikuishia hapo. Katika sehemu zenye ukame, nepia na desmodiamu ya kwanza zilisumbuka. Wataalamu wakajaribu mimea inayovumilia zaidi joto na ukosefu wa mvua. Wakapata nyasi ya brakiaria aina ya Mulato II, pamoja na desmodiamu ya majani ya kijani. Baada ya viwavijeshi kuingia, walichunguza mashamba ya wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wanatumia njia hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kulinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake. Lakini tukumbuke: kupungua si kuisha. Bado ni lazima kukagua shamba.

JINSI KIKUNDI KINAVYOWEZA KUJARIBU

Hatuwaambii mpande shamba lote. Tunawaambia mjaribu. Fuateni hatua hizi:

1. Chagueni shamba la mwanakikundi mmoja lenye kayongo, lililo karibu na njia ili kila mtu aone. Lisiwe la kukodisha.

2. Pimeni vipande viwili vilivyo sawa, hatua 30 kwa 30, vikiwa kando kwa kando na udongo wa namna moja. Kipande kidogo sana hakifai, maana nyasi za pembeni zitakula nafasi yote. Wala kisizidi mita 50 kwa 50, maana nyasi za mbali hazitavuta nondo wa katikati.

3. Kipande cha kwanza kizungusheni mistari mitatu ya nepia au brakiaria. Mkitumia nepia, chukueni vipandikizi kwenye mashina yenye afya, kwa sababu kuna ugonjwa wa kudumaza nepia. Acheni nafasi ya mita moja, kisha pandeni mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Katikati ya mistari, chimbeni mfereji mwembamba usio wa kina na mtie mbegu za desmodiamu. Mbegu ni ndogo sana, basi changanyeni na mchanga mkavu ndipo zienee vizuri.

4. Kipande cha pili pandeni kama mlivyozoea. Mbegu ya mahindi iwe ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile. Mkibadilisha mambo mengi pamoja hamtajua ni lipi lililosaidia.

5. Palilieni mapema, kama wiki ya tatu na tena wiki ya sita. Karibu na desmodiamu tumieni mikono. Ikiwa changa inafanana na magugu, na jembe likienda haraka litaing'oa.

6. Katibu awe na daftari. Aandike siku za mvua, siku za kazi, idadi ya kayongo katika kila kipande mahindi yakitoa maua, mahindi yaliyoharibiwa na funza katika kila mashina 50, gorogoro za mavuno, na mizigo ya majani ya ng'ombe.

Baada ya kuvuna, msilime na kung'oa desmodiamu. Inaishi miaka mingi. Msimu unaofuata ipunguzeni tu na mpande mahindi katikati yake. Nepia nayo msiikate yote kwa mara moja, kila wakati pabaki mistari iliyosimama ya kuvuta nondo.

Msimu wa kwanza msitegemee makubwa, kwa sababu desmodiamu hukua polepole mwanzoni. Endeleeni misimu mitatu ndipo mkate shauri. Haba na haba hujaza kibaba.

GHARAMA NA MASWALI MAGUMU

Tungewadanganya kama tungesema njia hii ni ya bure. Mbegu ya desmodiamu si rahisi kwa bei. Lakini desmodiamu huota pia kwa kukata mishipi yake na kuipanda wakati wa mvua. Kikundi kinaweza kununua mbegu kidogo kwa pesa za merry-go-round, kikaanzisha kitalu kimoja, na baadaye kila mwanakikundi akapewa mishipi. Kazi ya msimu wa kwanza ni nyingi, basi fanyeni kwa kusaidiana.

Nyasi za pembeni huchukua ardhi ya mahindi. Ndiyo maana tumesema mpime kipande kizima pamoja na nyasi. Mwenye ng'ombe au mbuzi atapata maziwa. Asiye na mifugo aulize kwanza kama jirani atanunua majani. Na mahali ambapo mifugo huachiliwa kila shamba baada ya mavuno, desmodiamu italiwa mpaka mzizi. Kikundi kizungumze na majirani na mzee wa kijiji kabla ya kupanda, si baada.

Swali gumu zaidi ni la ardhi. Mama anaweza kulima misimu mitatu, udongo ukapona, kisha mwenye shamba akalirudisha au akamkodishia mwingine. Anayekodisha kwa msimu mmoja ni afadhali ang'oe kayongo kabla haijatoa maua, atie samadi, na abadilishe mahindi na soya, njugu au kunde. Katika nyumba pia, mume na mke wakubaliane mapema nani atakata majani, nani atauza maziwa, na pesa zitafanya nini. Tumeona miradi mizuri ikifa kwa sababu kazi ilikuwa ya mmoja na faida ikawa ya mwingine.

Mkimaliza msimu, someni daftari mbele ya wanakikundi wote na mmwalike afisa wa kilimo asikie. Kama kipande cha desmodiamu kimeshindwa, semeni hivyo bila aibu na mwandike sababu. Hilo nalo ni jibu, na litamwokoa jirani asipoteze pesa zake. Tuleteeni nakala kupitia ofisi ya parokia yenu, tuzichape ili vikundi vingine visome. Mvua hatuiwezi, iko mikononi mwa Mungu. Udongo na daftari viko mikononi mwetu.