Mlio Mfupi Unaobadilisha Matangazo

Redio ya jimbo ikiwa inajiunga na kituo kikuu, hurudije kwenye matangazo yake bila fundi mitambo kugusa kitu? Kituo kikuu hutuma milio mifupi, ile ile ya vitufe vya simu: tarakimu 5 ni hezi 770 na hezi 1336 zikilia pamoja. Kisimbuzi cha milio (si kile cha televisheni) kikiitambua, huunganisha swichi yake, na kompyuta ya studio huanza kurusha ya kwetu.

Tunashauri waya wake utoke moja kwa moja kwenye kipokezi cha setilaiti, kabla ya mitambo ya kuchanganyia sauti, ili atakayeshusha sauti studioni asikinyime ishara. Tarakimu moja haitoshi: kinanda au mwimbaji aweza kufanana nayo, Misa ikakatika wakati wa Mageuzo. Ziwekwe tatu au nne mfululizo.