Aina za Data Katika API (4): Tamko ni Ushahidi

Machi 2025 Microsoft ilitangaza kuwa kompaila ya TypeScript inaandikwa upya kwa lugha ya Go, nayo itafanya kazi kwa kasi mara 10 hivi ya ile ya zamani. Wanaprogramu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila tukumbuke tulichokieleza katika makala iliyotangulia: kompaila haioni data inayotoka kwenye seva. Inasoma tamko lako la aina na kulisadiki. Ukiidanganya, sasa itadanganyika upesi zaidi.

Uzembe huu wa kutamka bila kuhakiki una ukoo mrefu. Mwaka 1965, akibuni ALGOL W, Mwingereza Tony Hoare aliruhusu rejeo lolote liwe tupu kwa sababu tu ilikuwa rahisi kufanya hivyo. Mwaka 2009 aliliita kosa lake la dola bilioni moja. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilisambaratika angani kabla ya kutimiza dakika moja tangu iruke. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuigeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Katika Ariane 4 namba hiyo haikufika huko. Kwa roketi mpya, yenye mwendo wake, mipaka haikupimwa upya.

Mtandao nao ulionja. Mwaka 2010 vitambulisho vya ujumbe wa Twitter viliporefuka, JavaScript ilishindwa kuvibeba, maana namba zake kamili zinaaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Twitter ikaongeza `id_str`, kitambulisho kilekile kikiwa maandishi. Hatari hiyo iko hata kwenye kitambulisho cha taifa: namba ya NIDA ya Mtanzania ina tarakimu 20. Anayeitamka kuwa namba anahatarisha kumwandikia mwananchi utambulisho usio wake.

Basi, katika anwani zako za API, andika kinachorudi kweli, si unachotamani kirudi. Tenganisha uga unaokosekana na uga uliopo lakini mtupu. Tamka majibu ya makosa pia, si ya mafanikio peke yake. Kisha hakiki data inapoingia, wakati programu inaendeshwa.

Na usipojua seva itarudisha nini, usijifiche nyuma ya `any`, aina inayokubali chochote bila ukaguzi. Tangu mwaka 2018 TypeScript ina `unknown`, inayokulazimisha kuchunguza kabla ya kutumia. Itumie. Kukiri kutojua ni uadilifu. Ushahidi wa uongo ni dhambi hata mbele ya mashine.