Vumbi la Mawe, Adui wa Mapafu

Askari hufunzwa kumhofu zaidi adui asiyeonekana. Adui wa namna hiyo yumo katika karakana za mawe. Jinja na Mbale, zilizopandishwa hadhi kuwa majiji Julai 1, 2020, zinaendelea kujengwa, na kazi ya kukata mawe ni riziki inayoweza kuwavuta vijana wetu na wenzetu waliostaafu.

Mawe yatengenezwayo viwandani kwa ajili ya meza za jikoni huweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Yakikatwa makavu, vumbi lake laini hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, nao hukifungulia mlango kifua kikuu. Australia iliyapiga marufuku mawe hayo Julai 1, 2024.

Nchini Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Basi jiwe likatwe kwa maji, vumbi lifyonzwe kwa mashine, na barakoa ya kuchujia vumbi ivaliwe, kitambaa hakitoshi. Mwenye kukohoa amweleze daktari kazi aliyoifanya, hata kama aliiacha zamani, kwani makovu huweza kujitokeza baada ya miaka mingi.