Kabla ya kununua kopo la 'kukuza akili', mpe mama samaki

Wazazi wengi wakisikia neno mafuta hufikiria kitambi na presha. Kwa mtoto mchanga hesabu ni tofauti. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya uzito wa ubongo ni mafuta. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye ukubwa wa karibu robo ya ule wa mtu mzima, na akitimiza miaka miwili unakuwa umefika takriban robo tatu.

Mafuta yanayotajwa sana katika ukuaji huo ni DHA, ya kundi la omega-3. Hujenga kuta za seli za ubongo na sehemu ya jicho inayopokea mwanga. Mwili wa binadamu unaweza kuyatengeneza kutokana na mafuta ya mimea kama soya, lakini kwa kiasi kidogo mno. Mafuta ya alizeti tunayopikia kila siku yana omega-6 kwa wingi, ila omega-3 karibu hakuna. Chanzo cha uhakika cha DHA ni samaki.

Mtoto hupata fungu lake kwa mama, kwanza kupitia kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kisha kupitia maziwa. Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha akina mama wa Kimasai, ambao hula samaki kwa nadra, wa Kipare wanaokula kiasi, na wa Sengerema kando ya Ziwa Victoria, ambako samaki ni chakula cha kila siku. Kiwango cha DHA katika damu kilifuata ulaji wa samaki. Pale ambapo mama alikuwa na kiwango cha chini, mtoto alizaliwa akiwa na kiwango kikubwa kuliko cha mama yake. Yaani mtoto huhudumiwa kwanza, na anayebaki na upungufu ni mama.

Mama mjamzito au anayenyonyesha anashauriwa kupata angalau miligramu 200 za DHA kwa siku. Si lazima anunue vidonge. Milo miwili au mitatu ya samaki kwa wiki inasaidia sana, na si lazima awe samaki wa bei. Dagaa na vibua wanafaa. Samaki wadogo pia wana zebaki kidogo. Mjamzito aepuke papa na nduaro. Faida nyingine ipo: mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya majaribio 70 yalionyesha kuwa omega-3 wakati wa ujauzito hupunguza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati.

Vipi kuhusu maziwa ya kopo yanayotangazwa kuwa hukuza akili? Majaribio mengi ya kuongeza DHA kwenye maziwa ya watoto waliozaliwa kwa wakati hayakuonyesha tofauti ya wazi katika akili zao. Kama mama ana maziwa, fedha hiyo ina kazi nzuri zaidi sokoni. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo. Mwache amalize titi moja kabla ya kumhamishia la pili, kwa sababu maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi.

Baada ya miezi sita, endelea kunyonyesha huku ukimpa vyakula vingine. Dagaa waoshwe mchanga vizuri, wapikwe na kusagwa laini, kisha kijiko kichanganywe kwenye uji au viazi vilivyopondwa. Dagaa wanaonuka mafuta yaliyochacha usiwanunue. Samaki mwenye miiba achambuliwe kwa makini. Mayai na parachichi navyo ni vizuri. Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili maziwa yaliyoondolewa mafuta.

Bado wapo wajawazito wanaokatazwa mayai eti mtoto atazaliwa bila nywele. Hilo halina ukweli. Na katika nyumba nyingi kipande kikubwa cha samaki huenda kwenye sahani ya baba, mama akabaki na mchuzi. Akina baba, mke akiwa mjamzito au ananyonyesha, kipande hicho ni chake. Kama samaki humdhuru au hawapatikani mnakoishi, mzungumze na mhudumu wa kliniki mapema, siku ya mahudhurio, badala ya kusubiri mtoto azaliwe.