Pikipiki Kongwe: Somo la Uhandisi Lililomo Mitaani Kariakoo

Majina pikipiki na tukutuku yanaelekea kuwa yameiga mlio wa chombo chenyewe. Mlio huo una maana, na mtu aliyezoea kuusikiliza aweza kutambua aina ya injini kabla hajaiona. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kuitazama, kuisikiliza na kuiendesha pikipiki kongwe, na hasa kulijibu swali moja: je, ukale wa chombo ni sawa na upungufu wake? Jibu linapita kila siku mbele ya macho yetu katika mitaa ya Msimbazi na Uhuru, jijini Dar es Salaam.

Mipigo miwili na mipigo minne

Injini ya petroli hugeuza joto kuwa mwendo. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia katika silinda, hukandamizwa na pistoni, huwashwa na cheche ya plagi, kisha mabaki yake hutolewa nje kama moshi. Katika injini ya mipigo minne, kazi hizo hugawanywa katika safari nne za pistoni, mbili za kupanda na mbili za kushuka. Kwa hiyo mwako mmoja hutokea katika kila mizunguko miwili ya mhimili mkuu, na mlio wake husikika kama mdundo unaohesabika. Katika injini ya mipigo miwili, kazi zote hukamilika katika mzunguko mmoja. Mwako huja maradufu, na mlio huwa mkali na wa mfululizo.

Pikipiki nyingi za zamani za mipigo miwili hazikuwa na vali za kupanda na kushuka. Pistoni yenyewe hufunua na kufunika matundu yaliyo katika ukuta wa silinda. Mfano maarufu ni DKW RT 125 ya Ujerumani, ya mwaka 1939. Baada ya Vita Kuu ya Pili muundo wake ulinakiliwa katika nchi kadhaa: Waingereza waliutumia katika BSA Bantam mwaka 1948, na Wajapani katika YA-1 ya mwaka 1955, ambayo ndiyo pikipiki ya kwanza ya Yamaha. Vespa, iliyoanza kuuzwa Italia mwaka 1946 na baadaye ikazoeleka sana Unguja, nayo ilikuwa ya mipigo miwili.

Sifa ya injini hizi ni uchache wa sehemu zake. Lakini zina gharama iliyofichika. Oili huchanganywa na petroli yenyewe. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, kila lita 1 ya petroli hutiwa mililita 50 za oili, nayo huungua na kutoa moshi wa buluu. Tena, sehemu ya petroli mbichi hutoroka kupitia bomba la moshi kabla haijaungua. Mwenye chombo hupoteza fedha, na jirani yake huvuta hewa chafu.

Kurudi nyuma kwa makusudi

Kampuni ya Honda ilichagua mipigo minne kwa ajili ya Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ndogo ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hata hivyo, kisa kinachotuhusu zaidi ni cha mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwa soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli.

Kabla ya hapo, pikipiki za Honda za kundi la 125 zilikuwa na kemshafti juu ya silinda, ikizungushwa kwa mnyororo. Kemshafti ndiyo mhimili unaofungua vali. Mpango huo hufaa sana kwa mwendo wa kasi, lakini hudai mnyororo ukazwe kwa wakati na oili safi ifike juu kabisa ya injini. Katika nchi zenye vumbi na mizigo mizito, ambako oili hukaa muda mrefu bila kubadilishwa, sehemu za juu zililika mapema.

Wahandisi wa Honda walibuni CG125. Waliishusha kemshafti hadi karibu na mhimili mkuu, wakaizungusha kwa gia badala ya mnyororo, na nguvu ya kufungua vali ikapandishwa kwa vijiti viwili vya chuma. Mpango wa vijiti ulikuwa wa zamani. Pikipiki za Kiingereza zilikwisha kuutumia kwa miongo mingi. Kwa kipimo cha mashindano, hiyo ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Kwa kipimo cha mtumiaji aliye mbali na karakana, ilikuwa hatua ya mbele.

Viwanda vya China viliunakili muundo huo. Mwanafunzi akichunguza injini za bodaboda za Kichina, katika baadhi yake atakuta maandishi 156FMI. Namba 1 ni idadi ya silinda. 56 ni kipenyo chake kwa milimita, bila desimali. F ni kupozwa kwa hewa. M ni pikipiki. Na I ni kundi la sentimita za ujazo 125. Kwa kuwa muundo haukubadilika sana kwa miongo kadhaa, vipuri vyake ni vya kawaida madukani na fundi anayeujua huweza kuufungua kwa zana chache. Hapo ndipo ilipo thamani ya teknolojia kongwe iliyochaguliwa kwa busara.

Kuiendesha kwa hekima

Kuthamini ukale hakumaanishi kufumbia macho udhaifu wake. Pikipiki nyingi kongwe zina breki za ngoma na taa hafifu za volti 6. Tuseme breki hupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa kilomita 30 kwa saa, chombo kitasimama baada ya mita 9 hivi. Kwa kilomita 60, baada ya mita 35 hivi. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali umeongezeka mara nne, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Ukiongeza sekunde 1 ya kutanabahi, jumla huwa kama mita 17 na mita 51. Penye mikokoteni, wachukuzi na watoto wanaovuka, tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Kofia ngumu, ya dereva na ya abiria, ni ya lazima.

Kwa walimu na wanafunzi

Pikipiki mbovu isiuzwe kama chuma chakavu kabla haijafunguliwa mbele ya darasa. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na safari ya pistoni ni milimita 49.5. Wanafunzi wakokotoe ujazo wake. Watapata sentimita za ujazo 124 hivi. Kisha waulizwe swali ambalo wahandisi wa mwaka 1976 walijiuliza: chombo hiki kitatumiwa na nani, wapi, na nani atakitengeneza kikiharibika? Taifa linalonunua mitambo bila kuuliza maswali hayo litalipia majibu yake baadaye.